Mgeni wa Pokémon Aingilie Mlango Gani?

Leo nataka kuzungumza na mtu wa aina moja tu: yule ambaye jina la Pokémon amelisikia miaka nenda miaka rudi, Pikachu amemwona kwenye fulana na kwenye mabegi ya shule, lakini gemu yenyewe hajawahi kuigusa. Sasa anataka kuanza, kwa ajili yake au kwa ajili ya mwanawe. Anaingia dukani, au anaperuzi kwenye simu, anakutana na msururu wa majina: Red, Gold, Ruby, Diamond, Black, X, Sun, Sword, Scarlet. Rangi, vito, silaha, herufi, hata jua limo. Akiuliza aanze na ipi, kila shabiki anamtajia ile aliyoicheza yeye alipokuwa na umri wa miaka kumi. Hadanganyi, ila hapo anasimulia utoto wake, na aliyeuliza hakuuliza habari hizo.

Tuondoe kwanza hofu moja. Aliyezoea tamthilia anadhani ni lazima aanze na sehemu ya kwanza, asije akapotea njiani. Hapa sivyo. Gemu za mwanzo, Red na Green, zilitoka Japani tarehe 27 Februari 1996 kwa ajili ya Game Boy, ile mashine ndogo ya mkononi isiyo na rangi. Tangu hapo msururu umefika kizazi cha tisa, na viumbe wa kukamatwa, waliokuwa 151, wamepita 1,000. Lakini karibu kila gemu kuu inaanza upya kabisa: nchi nyingine, mtoto mwingine, profesa mwingine anayemkabidhi mtoto huyo kiumbe mmoja kati ya watatu, wa majani, wa moto au wa maji, kisha anamtakia safari njema. Aliyecheza ya mwaka 2002 na ambaye hajaicheza wanaingia ile ya 2006 wakiwa sawasawa. Vighairi ni vichache. Black 2 na White 2 za mwaka 2012 zinasimulia yaliyotokea miaka miwili baada ya Black na White, basi hizo usianze nazo. Zilizobaki, ingia popote.

Kwa asiyejua kabisa kinachofanyika humo ndani, nieleze kwa kifupi. Unatembea porini, kiumbe anakutokea, unampiga kwa kutumia kiumbe wako mpaka adhoofike bila kuzimia, halafu unamtupia mpira. Ukimpata ni wako, na unatembea na sita kwa wakati mmoja. Mapambano ni ya zamu: unachagua pigo lako, mpinzani anachagua lake. Uzito wote uko kwenye aina. Maji yanauzima moto, moto unayachoma majani, majani yanayafyonza maji. Leo ziko aina 18, na kila moja ina ya kuionea na ya kuikimbia. Karibu katika kila nchi kuna kumbi za mapambano, kwa kawaida nane, kila ukumbi una bingwa wake, na ukimshinda anakupa beji. Hayo ndiyo mambo yenyewe. Mtoto wa darasa la pili anayaelewa, na watu wazima wenye shahada wanakesha wakiyabishania.

Sasa kipimo changu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Gemu hizi zote zinajua kupokea wageni, maana Game Freak, kampuni inayozitengeneza, kila mara inamfikiria mtoto ambaye hii ndiyo ya kwanza kwake. Tofauti iko kwenye siku ya tatu. Ipo gemu inayokupa jembe ukiwa bado hujapajua hata kisimani. Ipo inayokulisha na kukubembeleza mpaka unaaga, mikono yako haina hata lengelenge moja. Na anayeanza ana kitu ambacho sisi wazoefu tumeshakitumia chote: hajui. Hajui nani kajificha kwenye majani marefu, hajui huyu kadudu kadogo atabadilika awe nini, hajui bingwa wa ukumbi wa tano analeta aina gani. Kutojua huko ni mtaji wa mara moja. Gemu nzuri ya kuanzia ni ile isiyoufuja.

Tuitazame Red yenyewe. Bingwa wa kwanza ni Brock wa mji wa Pewter, na viumbe wake wote ni wa mawe. Aliyemchagua Bulbasaur wa majani au Squirtle wa maji anampita Brock akipiga mluzi. Aliyemchagua Charmander, mjusi wa moto, na nani asingevutiwa na mjusi ambaye ncha ya mkia wake inawaka, anafika pale anakuta moto wake haulichomi jiwe. Hakuna anayemwambia afanye nini. Anapigwa, anarudi kituo cha matibabu, anakwenda tena, anapigwa tena. Mwishoni anagundua kwamba yule kiwavi aliyemwokota kwenye msitu wa Viridian, Caterpie, mnyonge wa kuchekesha, akifikishwa leveli ya 10 ni kipepeo, na akifika leveli ya 12 kipepeo huyo anajifunza pigo la nguvu za akili liitwalo Confusion. Onix, lile joka la mawe la Brock, lina ngozi ngumu ya kuzuia ngumi, lakini mbele ya pigo la namna hiyo halina kinga. Kuchagua mmoja kati ya watatu kumbe kulikuwa ni kuchagua ugumu wa safari, na hakuna aliyemdokezea mtoto wa watu.

Linganisha na gemu mbili za mwaka 2018 ziitwazo Let's Go, moja ya Pikachu na moja ya Eevee, zilizotengenezwa kwa ajili ya Nintendo Switch na zinazosimulia upya nchi hiyohiyo na Brock huyohuyo. Mlangoni pa ukumbi amesimama mtu. Hakuruhusu kuingia mpaka umwonyeshe kiumbe wa maji au wa majani. Amekupa jibu kabla hujaliona swali! Kwa mtoto wa miaka mitano sina neno, ni huruma. Kwa mtu wa miaka kumi na miwili ni kunyang'anywa.

Je, nakuambia uanze na Red ya asili? Hapana, na hapa wazee wenzangu watanisamehe. Red ina jembe la kutosha, ila nyumba yenyewe inavuja. Begi lako linabeba aina 20 tu za vitu, na vingine ni vya lazima kwenye safari. Viumbe wako wa ziada wanakaa kwenye sanduku la viumbe 20, na likijaa huwezi kumkamata mwingine mpaka urudi mjini ubadilishe sanduku kwa mkono kwenye kompyuta. Unaweza kukutana na kiumbe adimu kabisa ukabaki kumtazama akiondoka. Aina ya mizuka, iliyokusudiwa kuwatia adabu wale wa nguvu za akili, haiwafanyi kitu kwa sababu ya kosa la programu, hivyo wale wa akili wanatamba gemu nzima. Kuna mbinu ya kujikusanya nguvu, Focus Energy, iliyokusudiwa kuongeza nafasi ya pigo la kuua. Nayo, kwa kosa jingine, inaipunguza. Mgeni hatajua kama amekosea yeye au imekosea gemu, na hiyo ndiyo dhuluma kubwa kwa mtu anayejifunza. Ukitaka kuiona Kanto, nchi ya Red, katika hali nzuri, FireRed na LeafGreen za mwaka 2004 zimeijenga upya, makosa hayo zimeyasafisha, na mlangoni kwa Brock hazijaweka bawabu.

Gold na Silver za mwaka 1999 zina mambo yake. Zilileta saa: usiku ukiingia kwako, unaingia na ndani ya gemu, na wapo viumbe wasiotoka ila usiku. Ukimaliza safari unagundua nyuma ya milima kuna nchi nyingine nzima, ile ya gemu ya kwanza, na beji nyingine nane. Na zina Whitney. Whitney ni bingwa wa tatu, binti mwenye nywele za waridi, na ana ng'ombe wa maziwa anayeitwa Miltank. Usicheke. Ng'ombe huyo anabingirika, na kila zamu anavyoendelea kubingirika pigo linazidi uzito. Ukimjeruhi, anakunywa maziwa yake anapona. Ukimletea dume, anamlegeza moyo asipigane. Dunia nzima wapo watu wazima leo wanaomkumbuka ng'ombe huyo kwa uchungu. Lakini katika mji huohuo, kwenye ghorofa la maduka, yupo mtu anayetaka Drowzee, na anatoa Machop kwa kubadilishana. Machop ni jike la miereka, aina ya wapiganaji, ndiyo hasa inayomweza ng'ombe. Anayezunguka mji na kuongea na watu anaokoka. Anayekimbilia ukumbini analia. Nani asingependa kufundishwa hivyo?

Gemu hizo zilijengwa upya mwaka 2009 kwa ajili ya Nintendo DS, zikaitwa HeartGold na SoulSilver, na humo kiumbe wako yeyote, hata nyangumi, anakufuata nyuma kwa miguu yake, kama ana miguu. Wengi wanaziona ndizo bora kuliko zote. Mimi naziona bora kwa aliyekwisha kuonja moja kabla, kwa sababu nusu ya utamu wake ni kurudi mahali, na mgeni hana pa kurudi.

Za katikati nizipitie haraka. Ruby na Sapphire, 2002, ni njia safi ya kuingilia, zina rangi na bahari nyingi. Diamond na Pearl, 2006, zinakwenda kwa mwendo wa konokono. Ukiitamani nchi ile chukua Platinum iliyotoka miaka miwili baadaye. X na Y za 2013 ni nyepesi na zinapendeza macho. Sun na Moon, 2016, zinaongea, zinaongea, kila hatua mbili mtu anakusimamisha akueleze. Na kuanzia hizo ndipo orodha ya mapigo ilipoanza kukuandikia kabisa pigo lipi litamuumiza mpinzani uliyewahi kukutana naye. Ni msaada mzuri kwa aliyechoka kutoka kazini. Kwa anayeanza, ule mtaji niliousema unayeyuka mkononi.

Basi niitaje yangu. Kama ningeulizwa bila kujali mfuko wala mashine, ningesema Black, au White, za mwaka 2010 kwa ajili ya Nintendo DS. Watengenezaji walifanya jambo ambalo hawajalirudia: walileta viumbe wapya 156, idadi inayozidi hata wale wa mwanzo, na wakaamua kwamba mpaka umalize hadithi kuu hutamwona wa zamani hata mmoja porini. Pikachu hayupo. Popo uliyemzoea mapangoni hayupo, yupo mwingine. Wazoefu walinung'unika sana. Lakini fikiria maana yake: mtu aliyecheza miaka kumi na minne na mtu aliyeishika mashine jana waliingia porini wote wageni. Hakuna gemu nyingine katika msururu huu inayomweka anayeanza sawa na bingwa wa mtaa.

Na jembe lake linakuja kwa wakati. Nchi yenyewe, Unova, imechorwa kwa kuutazama mji wa New York na vitongoji vyake. Yapo madaraja marefu, ipo bandari, lipo jiji ambalo watu wanapishana bila kusalimiana. Ukumbi wa kwanza una ndugu watatu, na anayetoka kupambana nawe ni yule hasa ambaye aina yake inaishinda ya kwako, vyovyote ulivyochagua mwanzoni. Mtego huo. Ila kabla ya kuingia, kwenye magofu ya pembeni ya mji, msichana mmoja anakupa nyani wa aina ya kumzima ndugu huyo. Hapo wewe bado ni mgeni, umeandaliwa. Ukumbi wa pili ni wa Lenora, mama wa makumbusho, na hapo hakuna nyani wala msichana. Lenora ana kiumbe aitwaye Watchog mwenye pigo linalokuwa na nguvu maradufu iwapo mwenzake ameanguka zamu iliyotangulia. Yaani ukimwangusha wa kwanza, furaha yako ndiyo inayompa wa pili kisu. Inabidi ukae, ufikiri nani umtoe mbele apokee lile pigo, nani umfiche nyuma. Siku ya tatu imefika, chukua jembe.

Isitoshe, hadithi yake inauliza kile ambacho kila anayeziangalia gemu hizi kwa mara ya kwanza anajiuliza kimoyomoyo: hivi ni haki kuwatoa wanyama porini, kuwafunga ndani ya mipira na kuwapiganisha? Kuna kijana anaitwa N anayesikia sauti zao, anayeamini waachiliwe, na hachorwi kama mjinga. Kundi linalomzunguka lina nia zake nyingine, nisikuharibie utamu. Mzoefu alishaacha kujiuliza swali hilo zamani. Mgeni analileta likiwa bichi, na ghafla anakuta gemu yenyewe inaliuliza.

Kikwazo ni kuipata. DS haitengenezwi tena, kwa hiyo ni soko la mitumba, na kaseti za Pokémon za enzi hizo hughushiwa sana. Nikupe alama moja ya kukusaidia. Kaseti halisi za HeartGold, SoulSilver, Black na White zina kifaa cha miale ya infraredi ndani, ndiyo maana plastiki yake ni nyeusi inayong'aa; ukiiinua kwenye mwanga mkali inaonyesha wekundu wa mbali. Kijivu cha kawaida ni dalili mbaya. Kwa kaseti za zamani zaidi, Gold na Silver zinahifadhi safari yako kwa nguvu ya betri ndogo iliyochomelewa ndani, na kwa kuwa betri hiyohiyo inaendesha saa, nyingi zimekwisha: unacheza vizuri, unazima, kesho hakuna kitu. FireRed na LeafGreen hazitegemei betri kuhifadhi. Na kwa wenye ndugu Dubai, Muscat au Ulaya wanaotuletea mashine: Nintendo 3DS na gemu zake zimefungwa kwa kanda, kaseti iliyonunuliwa Marekani haifanyi kazi kwenye mashine ya Ulaya. Switch haina kizuizi hicho. Duka la mtandaoni la 3DS nalo lilifungwa Machi 2023, kwa hiyo huko hununui kipya tena.

Najua pia wapo mnaozicheza za zamani kwenye simu, kwa programu zinazoiga mashine hizo. Mafaili yale yanayosambazwa bure hayana ruhusa ya wenyewe, na Nintendo haioni haya kwenda mahakamani. Mimi nina lalamiko jingine, dogo na la kibinafsi: kile kitufe cha kuharakisha. Mtu anaizungusha gemu mara nne ya kasi yake, anamaliza, anakuambia haikuwa na kitu.

Tuje kwenye Switch. Humo kuna milango mikuu minne.

Let's Go nimekwisha kuigusa. Karibu viumbe wote wa porini hupigani nao, unawatupia mipira tu, na mtu wa pili anaweza kuingia wakati wowote kwa kushika pedi nyingine na kuitikisa. Mzazi na mtoto mdogo, anzeni hapo.

Sword na Shield, 2019, zinakwenda kwenye nchi iliyochorwa kwa kuitazama Uingereza, na huko kumbi za mapambano ni viwanja vya mpira. Hakuna chumvi hapo. Watazamaji wamejaa majukwaani wanaimba, unavaa jezi, namba ya mgongoni unachagua mwenyewe, na sungura wa moto anayepewa wageni akikua anakuwa mshambuliaji anayepiga kipira cha moto kwa mguu. Mpenzi wa kandanda atafurahi kupita kiasi. Ila uzoefu wa kila pambano unagawiwa kwa viumbe wako wote sita na huwezi kuuzima, mwenzako wa safari anakuongoza kama mgonjwa, na njia ni moja iliyonyooka. Utamaliza umeshiba, jembe hulijui lilivyo. Siisemi vibaya, wapo watu wanaotaka hivyo hasa.

Scarlet na Violet, 2022, ni kinyume chake. Nchi ni ya mtindo wa Hispania na Ureno, nayo iko wazi, unapanda kiumbe mkubwa unakwenda utakako. Njia za hadithi ni tatu na unazichanganya upendavyo. Unaweza kwenda ukumbi wowote kwanza, lakini hakuna anayekuambia kwa sauti kwamba mabingwa hawajipimi kwako: mmoja ana viumbe wa leveli ya 15, mwingine wa 48, na ukimwendea huyo wa milimani mapema atakuzika kwenye theluji. Hapo ndipo ninapoipenda. Unapigwa, unaangalia ramani, unajifunza kwamba kuna mahali bado si pako. Kasoro yake inajulikana dunia nzima: ilitoka haijaiva, picha zinakwama, watu wa mbali wanatembea kama vikaragosi, mara nyingine unatumbukia chini ya ardhi. Pamoja na hayo Nintendo ilitangaza kwamba nakala milioni 10 ziliuzwa katika siku tatu za kwanza. Kwenye Switch 2 maboresho ya bure ya Juni 2025 yamefanya picha zitiririke vizuri. Kwa kijana au mtu mzima mwenye Switch, hii ndiyo ningempa, nikimwonya asiikodolee macho miti.

Wa nne ni Legends: Arceus wa Januari 2022. Humo viumbe wanakushambulia wewe mwenyewe, unajificha kwenye majani, unalenga mpira kwa mkono wako. Ni gemu nzuri sana, lakini si picha ya zilizobaki; anayeanza nayo akaipenda, akihamia nyingine ataona amefungwa miguu. Ndugu yake, Legends: Z-A wa Oktoba 2025, ameondoa hata zamu kwenye mapambano. Wote wawili waache wawe wa pili. Na Pokémon GO ya kwenye simu, iliyotoka Julai 2016, ni kutembea barabarani na bando lako. Ina raha zake, ila si mlango wa nyumba hii.

Kuna jambo la lugha. Kiswahili hakimo. Hadithi yote ni maandishi, hata Scarlet haina sauti za watu wakizungumza, kwa hiyo asiyesoma hawezi kufuata. Kwa wasikilizaji wa Kongo na Burundi, Kifaransa kimo, tena kizuri. Kuanzia X na Y kaseti moja ina lugha kadhaa na unachagua mwanzoni. Kabla ya hapo unanunua kaseti ya lugha moja, angalia kasha kabla ya kulipa. Mzazi anayekaa kando na kumsomea mtoto kwa Kiswahili ataumia koo, lakini namjua zaidi ya mmoja aliyefanya hivyo.

Angalia pia nyumba ina watoto wangapi. Kaseti za zamani zinahifadhi safari ya mtu mmoja tu. Mdogo akianza upya na kuhifadhi, wiki nzima ya kaka yake imefutika, na usuluhishi huo hauna mwenyekiti wa mtaa. Kwenye Switch kila mtu anafungua wasifu wake, na kila wasifu una safari yake ndani ya gemu ileile.

La mwisho ni kwa nini zinakuja mbili mbili. Satoshi Tajiri, aliyebuni haya yote, alikulia Machida, pembezoni mwa Tokyo, akiwa mtoto wa kukusanya wadudu kwenye mashamba na madimbwi ambayo baadaye yalijengwa. Alipoiona waya inayounganisha Game Boy mbili, akili yake ilimchora mdudu akitambaa ndani ya ile waya kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Ndiyo sababu katika kila jozi wapo viumbe wanaopatikana upande mmoja tu: Red ina Ekans, mwenzake hana, Green ina Sandshrew, mwenzake hana. Hadithi ni ileile, basi usizinunue zote mbili ukiwa mmoja. Mkiwa wawili nyumbani, kila mtu achukue yake, na kubadilishana mkiwa chumba kimoja hakuhitaji intaneti wala malipo ya mwezi. Ukiwa peke yako, chukua ile ambayo kava lake limekuvutia. Utawakosa wachache, na yule mzuka wako Haunter, ambaye habadiliki umbo mpaka apite mikononi mwa mtu mwingine, atabaki Haunter hadi umpate wa kubadilishana naye.